Wazazi Watano na Bimkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Alhamisi tunakata! Mkato wa mwisho wa msimu! Nimeizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni. Mama kauliza nani anaolewa siku hiyo.

Hakuna, mama. Ni nyasi tu.

Ngoja nijielezee hapa polepole, maana kamati ya kupitisha mbegu itaniuliza, na nikibabaika nitachekwa.

Nachagua mashina machache ya nyasi, yaliyo bora. Nayapanda pamoja. Upepo unapeleka chavua huku na huku, kila mmoja anaoana na kila mwenzake, mbegu zote zinavunwa na kuchanganywa. Hiyo ndiyo aina mpya. Watoto wa kwanza ni moto wa kuotea mbali! Lakini mfugaji hapati watoto — mbegu zao hazitoshi — anapata wajukuu. Na kwenye wajukuu ndugu wanaanza kuoana na ndugu, nguvu inashuka. Inashuka kiasi gani? Hapo ndipo penye utamu! Unaweza kujua kabla hujapanda. Chukua wastani wa watoto wa kila jozi: tani kumi na nne kwa hekta. Toa wastani wa wazazi wenyewe: tisa. Inabaki tano. Gawanya kwa idadi ya wazazi, nao ni watano: moja. Basi wajukuu watapoteza tani moja. Watatoa kumi na tatu! Kwa kalamu na karatasi tu, hata mvua haijanyesha!

Wazazi wakiwa wachache mno, ndugu wanaoana upesi. Wakiwa wengi mno, lazima uingize na mizigo, yaani mashina dhaifu. Mimi ninao watano: Mrefu, Majani Mapana, Mvumilivu, Kibogoyo na Sura Mbaya. Sura Mbaya! Mwenyewe kajikunja kama ufagio uliochoka, ukimpima peke yake anatia huruma. Lakini mwoze kwa yeyote — watoto wanatoka majitu.

Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti ana wazazi tisa. "Wengi wape," anasema kila kikao. Aina yake tunaiita Tisa, yangu Watano. Nimeikadiria tani kumi na mbili na nukta mbili. Nilimwambia hivyo usoni. Hakufurahi.

Kamati itapitisha aina moja tu. Wazazi wa aina itakayoshindwa watang'olewa, na hapo walipo patakuwa maegesho ya magari. Nimeishi na mashina haya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumvumilia mwanamume yeyote.

Mama, akifunga madirisha: unaozesha nyasi kutwa kucha, na wewe je? Nimecheka. Nina miaka arobaini na moja na Alhamisi nakata!

Jumatano, 5 Machi

Miundu imenolewa. Mizani imehakikiwa. Kukaa siwezi. Nimekwenda shambani mara tatu kuwatazama Watano tu — wamesimama, majani yanateleza kama nywele zilizopakwa mafuta. Takwimu (ndivyo tunavyomwita dada wa hesabu, shoga yangu wa chakula cha mchana) kaniambia niende zangu nyumbani, nyasi hazikui kwa kukodolewa macho.

Mikato yote iliyopita Watano wameongoza. Kwa kidogo, lakini wameongoza. Umebaki mmoja. Mmoja!

Alhamisi, 6 Machi

Ng'ombe!

Sijui nianzie wapi. Nimefika jua halijapanda vizuri, mundu mkononi, naimba. Uzio umelala chini. Katikati ya shamba kasimama ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, anatafuna taratibu kama mtu aliyealikwa. Nikapiga ukelele. Akanitazama. Akaendelea.

Nikakimbilia kipande cha Watano, safu ya kwanza. Kimenyolewa! Safu ya pili — kimenyolewa. Ya tatu. Ya nne. Vyote vinne, mpaka chini, kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi. Na Tisa? Kang'ata ncha mbili tatu tu. Mkongwe, ile aina ya zamani inayopandwa kila mahali? Hakumgusa. Zile nyingine tatu kazikanyaga tu akipita.

Nikakaa chini nikalia. Kwa sauti. Halafu, katikati ya kilio, akili ikanirudia: aina sita, safu nne, na ndani ya kila safu nafasi zimepangwa kwa kura. Hata mimi bila ramani napotea humo. Ng'ombe hakuwa na ramani! Kapita kipande kwa kipande, kaonja, kawatafuta Watano safu baada ya safu, na kawapata mara zote nne! Nikaanza kucheka na machozi bado yanatiririka. Mlinzi alikuja mbio, akaniona, akarudi nyuma hatua mbili.

Ndipo akaja yeye. Mtu mrefu, utepe wa kupimia nguo unaning'inia shingoni, vipande vya uzi kwenye shati, kiatu kimoja hakijafungwa. Anaita, "Bimkubwa! Bimkubwa, aibu gani hii tena unanitia!"

Nikasimama. "Ni wako huyu?"

"Samahani sana, dada. Amekata kamba alfajiri."

"Mimi si dada yako. Mimi ni daktari, na ng'ombe wako amekula kazi yangu yote!"

Uso wake ukang'aa. "Daktari! Mungu mkubwa. Basi hebu mtazame tumbo, Dokta. Amekula kupita kiasi."

"Mimi ni daktari wa nyasi!"

Akavitazama vipande vilivyonyolewa, akanitazama mimi, akakuna kidevu. "Kumbe. Basi wagonjwa wako wote wamekwisha?"

Nilitaka kumrukia shingoni na ule utepe wake. Badala yake kicheko kikanipasuka. Naye akacheka, kwa woga kwanza, kisha kweli. Tukacheka mbele ya maiti.

Mkurugenzi kafika, mikono nyuma. Pole, Dokta. Pole sana. Lakini Watano hawana takwimu za mkato wa mwisho, na bila takwimu hakuna aina. Alisema kwa upole. Afadhali angepiga kelele. Nikaomba vipande vingine vyote vikatwe leo leo, kwa kimo kilekile alichoacha ng'ombe, ili vyote vianze upya pamoja. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Fundi cherehani — ndiyo kazi yake, ana chumba cha kushonea nyuma ya kituo — aliinua uzio mwenyewe mpaka mchana, hakuniangalia tena. Alipoondoka akamfunga ng'ombe kwa fundo ambalo sijapata kuliona.

Ijumaa, 7 Machi

Takwimu kapiga hesabu. Ng'ombe akichagua kipande kimoja tu kila safu, kwa kubahatisha, nafasi ya kuangukia Watano mara zote nne ni moja katika elfu moja na mia mbili na ushei! Kaiandika ubaoni, kaizungushia moyo. Anasema hajawahi kuona mjumbe wa kamati mwenye msimamo kama yule ng'ombe.

Nimempigia Mwenyekiti wa kamati. Mama mmoja mkavu, sauti kama mlango. Nikamweleza yote. Akasema: kama machipukizi ya aina zote yatafikia kimo cha kukatwa kabla ya kikao cha Aprili, mkato mpya utachukua nafasi ya ule ulioliwa. Kwa wote sita, si kwa wako tu. Yasipofikia, tusisumbuane.

Nimerukaruka ofisini. Kiti kimevunjika mguu.

Jumapili, 9 Machi

Fundi kaleta maziwa nyumbani! Kapajuaje? Kauliza njiani kwa daktari wa nyasi ni wapi, wote wakamwonyesha. Kumbe ndivyo nilivyo mtaani.

Anasema Bimkubwa tangu Alhamisi anajaza ndoo mpaka inamwagika. Nikamwambia siku moja si ushahidi. Akauliza zinahitajika siku ngapi. Nikajikuta namweleza habari za wazazi na watoto na wajukuu na kile kigawanyo, tumesimama mlangoni, maziwa mkononi, mpaka mama akapaza sauti kutoka ndani: mgeni ana miguu au magurudumu, mbona hakaribishwi?

Hakuingia. Ana haya. Mtu mzima vile!

Jumatano, 12 Machi

Leo mama kanimaliza mbavu. Lazima niandike kabla sijasahau hata neno.

Fundi kapiga simu nikiwa nakata vitunguu, nikaiweka sauti ya juu. Akasema, "Dokta, Bimkubwa tangu ale kwako chakula changu hakitaki tena. Ananuna. Ananipa mgongo." Nikacheka, nikamwambia avumilie, atazoea. Simu ikakatika.

Tumekula. Mama akaosha sahani yake mwenyewe — dalili mbaya. Halafu:

"Mwanangu, mke mkubwa wa mtu unampikia wewe?"

"Mke gani, mama?"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Amekula kwako, sasa kwake hali. Usijiingize, mwanangu. Umri huu si wa kugombea mume."

"Mama, Bimkubwa ni ng'ombe!"

Akanitazama kwa huzuni kubwa. "Hata kama mnagombana, mwenzio usimwite ng'ombe."

Nimeanguka sakafuni. Kweli, sakafuni! Kila nikitaka kueleza pumzi inakatika. Mama kaondoka kaenda kulala akijua mwanawe amerukwa na akili.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempeleka mama akamwone ng'ombe. Wametazamana kwa muda. Mama kasema: kweli ana sura ya mke mkubwa.

Fundi akatuambia jina alilitoa marehemu mkewe. Alitaka nyumbani pawe na bimkubwa mwingine wa kumsaidia kumgombeza mume. Alisema akicheka, kisha akainama kuokota pini ambayo sidhani kama ilikuwepo. Mama alimwangalia. Njiani kurudi mama hakuniuliza kitu. Kaanza kuimba tu.

Jumatano, 19 Machi

Watano wanachipua! Usiku mmoja wa mvua, na wote wamekuja juu kijani kibichi, wamejaa, kama nywele za mtoto mchanga!

Tatizo dogo: mifuko ya karatasi ya kukaushia sampuli imeliwa na mchwa stoo. Nililalamika mbele ya Fundi. Leo kaja na mifuko ya kitambaa, ishirini na minne, mmoja kwa kila kipande, midomo ina kamba za kukaza, namba zimetariziwa kwa uzi mwekundu. Zimetariziwa! Nimeipima mitupu yote na kuandika uzito wake. Inatofautiana kidogo sana. Nani anashona mifuko yenye uzito sawa? Nikamuuliza. Kasema alikata kitambaa kutoka jora moja, upande mmoja, asije akawaonea wagonjwa.

Asije akawaonea wagonjwa. Nimekuwa nikiitabasamia karatasi hii muda wote.

Jumanne, 25 Machi

Nina koti jipya la kazi! Kijivu, mifuko sita, mmoja wa mkasi, mmoja wa kalamu, mmoja mrefu wa rula. Limenikaa kama ngozi. Sijapimwa! Hajawahi kunigusa hata kidole.

"Umejuaje vipimo vyangu?"

"Nimekadiria," akasema. "Si ndiyo kazi yako hiyo? Kujua kabla ya kukata."

Nikatafuta neno la kujibu. Mimi, ninayesimama mbele ya makongamano! Nikasema mabega yamekaa sawa. Mabega yamekaa sawa!! Nimejifungia maabara nikajipiga kofi la paji.

Takwimu kaliona koti. Kaligeuza mshono, kautazama ndani, kasema mtu anayemaliza mshono upande usioonekana hivi si mtu wa kuchezea.

Ijumaa, 28 Machi

Siku mbaya. Niandike haraka.

Kuna maneno kituoni. Takwimu ndiye aliyeniambia, kwa sababu hakutaka niyasikie kwa mwingine. Wanasema ng'ombe hakukata kamba. Wanasema Dokta aliona Watano wataumbuka mkato wa mwisho, akapanga na mwenye ng'ombe. Ushahidi: si mnaona anavyoshonewa makoti?

Mkurugenzi kaniita. Kaniambia haamini. Namsadiki — ni mkaidi, lakini si mwongo, na Tisa yake anaipenda kama ninavyowapenda wangu. Ila kamati itasikia, anasema. Huyo fundi asionekane hapa mpaka kikao kiishe. Kwa faida yako, Dokta.

Nikaenda chumba cha kushonea. Nikamwambia. Alikuwa na pini midomoni, akazitoa moja moja.

"Na nyumbani kwenu?" akauliza.

"Na nyumbani."

"Sawa, Dokta." Akaukunja ule utepe, akauweka kwenye droo.

Nilitaka abishe. Kwa nini hakubisha?

Jumanne, 1 Aprili

Nyasi zinakua.

Ijumaa, 4 Aprili

Zinakua. Mama kauliza maziwa yameishia wapi.

Jumapili, 6 Aprili

Hapana, hii haifai. Nimetembea mpaka chumba cha kushonea mchana kweupe, nimevaa koti, wote wanione. Nikamwambia sikufanya kosa, wewe hukufanya kosa, ng'ombe ndiye aliyefanya na yeye hajali. Mtu asiye na kosa anajificha nini? Wakisema, waseme. Nikapumua.

Alikuwa anashona gauni la watu. Mashine ikazidi kwenda, kitambaa kikapita, sindano ikashona mkono wa gauni ukaungana na kiuno. Akaiangalia ile kazi. Akasema, "Dokta, utanifilisi."

Tumefumua pamoja mpaka adhuhuri. Sijui kufumua. Nimejichoma mara nyingi na sijali! Sijali!

Alhamisi, 10 Aprili

TUMEKATA!

Kimo kimefika. Mkurugenzi mwenyewe kaja na mundu, kavua koti, kakata safu mbili nzima bila kunyoosha mgongo. Sikujua kama anaweza. Kwenye mizani alisimama upande mmoja, mimi upande wa pili, Takwimu katikati akisoma kwa sauti, ili asije mtu akasema.

Akauliza kuhusu kinyesi. Mbolea, Dokta: yule ng'ombe si aliacha mbolea kwenye Watano? Takwimu akafungua karatasi ya siku ile. Kinyesi kilikuwa kimoja tu. Kwenye kipande cha Tisa. Halafu Mkurugenzi akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia — alikuwa anacheka! Sijawahi kumwona akicheka. Ana mwanya.

Sampuli ziko kwenye kikaushio, mifuko yenye namba nyekundu imepangwa kama watoto wa shule. Maabara yote inanukia majani makavu. Uzito mbichi hausemi kitu, una maji. Uzito mkavu ndio mwamuzi. Jumamosi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefungua kikaushio. Nikapima. Takwimu akajumlisha na mikato ya nyuma.

Watano: kumi na mbili na nukta nane.

Nilikadiria kumi na tatu. Nimekosa! Nimetangaza kumi na tatu mbele ya dunia nzima, na ni kumi na mbili na nukta nane. Nikakaa juu ya ndoo.

Takwimu akanishika mabega. "We mwanamke, una wazimu? Umekosa kwa nukta mbili! Msimu mzima, mvua, jua, ng'ombe — umekosa kwa nukta mbili!" Na Tisa? Niliikadiria kumi na mbili na nukta mbili. Imetoa kumi na mbili na nukta tatu. Zile nyingine tatu: zote karibu na makadirio yangu, hakuna iliyopotea mbali. Mkongwe yuko chini huko, anapumua.

Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa inasema kweli! Niliandika mavuno kabla ya mbegu kuota, na nyasi zikaja zikatimiza! Tukacheza. Hakuna muziki, kikaushio tu kinavuma, tukacheza, Takwimu na mimi, viatu vimevuliwa.

Mkurugenzi kaisoma karatasi amesimama. Kaisoma tena. Kasema tofauti ni ndogo. Ni kweli, ni ndogo. Kisha kauliza kama Sura Mbaya angeweza kuingizwa siku moja kwenye kundi lake. Sura Mbaya wangu! Nikasema tutaongea, na moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwenyekiti kapiga simu. Sauti ileile ya mlango.

Takwimu zako ninazo, akasema, ni safi. Nina swali moja, si la nyasi. Nimeandikiwa kwamba wewe na mwenye ng'ombe mna uhusiano. Ni kweli?

Ningeweza kusema hapana. Maana hasa — tuna nini? Koti. Mifuko. Gauni lililofumuliwa. Hajasema neno, sijasema neno. Hapana ingekuwa karibu na ukweli kabisa, na Watano wangekuwa salama.

Nikasema: "Kabla ya ng'ombe, hapana. Sikuwa namjua. Baada ya ng'ombe — ndiyo."

Nikasikia kalamu yake.

"Ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

Akasema kamati itakaa Alhamisi asubuhi, nitapigiwa alasiri. Akakata.

Kumbe ndiyo! Nimeisema kwa Mwenyekiti wa kamati ya mbegu kabla sijaisema kwa mwenyewe! Nimekaa na simu mkononi, uso unawaka, nacheka. Labda nimewaua wazazi wangu watano. Nimekwenda nikakaa nao kidogo. Kibogoyo ametoa ua.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemweleza Fundi swali nililoulizwa. Nikamweleza na jibu. Nilisema nikitazama cherehani.

Aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Ulisema ndiyo?"

"Nilisema."

"Kwa mtu wa serikali?"

"Kwa mtu wa serikali."

Akalainisha kitambaa ambacho hakikuwa na kunyanzi. "Basi imeshaandikwa," akasema. "Mama yako ana nafasi lini?"

Mama kachagua Alhamisi alasiri. Nikamwambia, mama, siku zote za wiki! Alasiri hiyohiyo napigiwa na kamati! Akasema vizuri, yakija mabaya tuwe wengi.

Alhamisi, 17 Aprili

Niko jikoni. Nimekatazwa kutoka. Naandikia juu ya jokofu, nimesimama, mwandiko unapepesuka.

Kafika. Shati jeupe, kola imepigwa pasi mpaka inakata. Nimemwona kwa ufa wa mlango. Hana utepe shingoni, na mikono hajui aiweke wapi, mara magotini, mara mfukoni. Kamsalimia mama, "Shikamoo, mama," kwa sauti ya mtu aliyemeza pamba. Mama kamjibu "Marahaba" ndefu, ya kupima.

Chai imechemka mara mbili. Naogopa kuipeleka.

Mama anauliza anaishi na nani. Anajibu. Anauliza kama anakoroma! Mama!! Anajibu kwamba hajui, aliyekuwa anajua hayupo tena. Nimesikia kiti cha mama kikisogea. Sasa anaongea chini, sishiki vizuri. Nimeweka sikio ukutani. Kitu kuhusu mimi nikiwa mdogo, nilivyopanda majani kwenye kikombe cha baba. Wanacheka wote wawili. Wananicheka mimi!

Simu. Ni Mwenyekiti — jina lake linawaka kwenye kioo. Ngoja.

Mama anauliza, na sasa sauti yake imepanda, nasikia kila neno: "Na wakimkatalia hizo nyasi zake, wakamng'olea, akirudi kwako analia — utamfanya nini?"

Simu inaita bado. Inatetemeka juu ya jokofu, inatembea kuelekea ukingoni.

Anafikiri. Nasikia anavyofikiri.

Imekatika. Imeanza tena! Nyamaza basi! Nimeiziba kwa kitambaa cha sahani, nimeifunika na sufuria, bado inanguruma mle ndani kama nyuki. Atasubiri. Watano wasubiri. Sekunde moja tu, wanangu, nasikiliza —

Kakohoa. Anaanza. Anasema, "Mama, akilia mimi —"